Sikio la Fedha: Tembo Aliyerudishwa

Msomaji, wiki jana ulikunja gazeti huku kengele ya mlango wa duka ikiwa bado inatikisika. Haya, likunjue. Kengele haijatulia.

Ilikuwa asubuhi, na mjomba, mwenye duka hili la sarafu, alikuwa akifungua kazi kwa namna ile ile anayoifungua siku zote. Alitandika juu ya meza kitambaa cheusi cha mahameli. Akafuta miwani kwa ncha ya shati. Kisha akatoa mfukoni sarafu kubwa ya fedha tupu, yenye picha ya tembo, ambayo aliipa jina la Mwalimu.

Mwalimu haikuwa ya kuuzwa. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mjomba aliisimamisha juu ya ncha ya kidole, akaigonga ukingoni kwa kijiti cha mpingo, akainamisha kichwa kusikiliza mlio mpaka uishe. Huo ndio mlio wa fedha nzima isiyo na ufa, na kila sarafu ya siku hiyo ingepimwa kwa mlio huo. Akishasikiliza husema, "Haya, tuanze," na duka huanza.

Siku hiyo hakufika kwenye "Haya." Mlango ulisukumwa, kengele ya juu ya mlango ikalia, na mwanamume mwenye kipara kinachong'aa akaingia na kisanduku mkononi.

"Nani hapa anaitwa Sikio la Fedha?"

Mjomba hakugeuka.

Kando yake, mpwa wake alikuwa akiweka sawa taa ya kupigia picha. Binti huyu ndiye aliyepiga picha za sarafu zote zilizopandishwa kwenye mnada wa mtandaoni, na mjomba ndiye aliyemsomea maelezo ya kuandika. Alilelewa na mjomba huyu tangu mama yake alipofariki. Kwa sababu ya sauti yake ndogo, mjomba alimwita Mnong'ono, na sasa hata watu wa posta walimwita hivyo.

Mnong'ono alimtazama mgeni, akamtazama mjomba. Moyoni akasema, leo mjomba kaamka na kiburi.

"Nimesema, nani Sikio la Fedha?"

Mgeni akapiga meza kwa kiganja. Pa! Mjomba akaruka, Mwalimu ikateleza kidoleni ikaangukia kwenye kitambaa.

"We bwana! Mbona unapiga meza ya watu kama ngoma?"

"Kengele imelia, nimeuliza mara mbili. Kilichobaki nilikuwa nivue kiatu nikurushie."

"Wewe ni nani?"

"Kinyozi Mkuu."

Jina hilo lilikuwa limejaa kwenye kompyuta. Huyu ndiye mnunuzi aliyeandika mara tatu kwamba sarafu aliyotumiwa haifanani na maelezo, na mara tatu mjomba akamwagiza Mnong'ono ajibu kwa maneno manne tu: *Sikio langu halikosei kamwe.* Sasa mnunuzi kachoka kuandika. Kaja na miguu yake.

Kwenye kona, cherehani ilikuwa ikilia. Mkaza mjomba, mke wa mjomba, alikuwa akishona vifuko vya kuwekea sarafu. Alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka utosini.

"Kinyozi Mkuu? Mimi nilidhani utakuwa na nywele."

"Mama yangu, hata fundi viatu hulala pekupeku."

Alifungua kisanduku, akaitoa sarafu yake ya tembo kwa kuishika ukingoni kama inavyoshikwa na watu wanaojua, akailaza juu ya mahameli. Ilikaa ubavuni mwa Mwalimu. Tembo wawili, ndugu wa tumbo moja.

"Maelezo yenu nimeyakariri," alisema. "'Fedha tupu, nzima, haina ufa, inalia kama kengele.' Nimefika nayo nyumbani nikaigonga. Imelia kama kifungo cha koti. Nikatafuta lenzi. Ina ufa, mzee wangu! Unaanzia mgongoni mwa tembo mpaka ukingoni, mwembamba kama unywele. Na nywele ndiyo kazi yangu, huwezi kunidanganya kwenye unywele."

Mjomba alivuta lenzi yake. Akainama juu ya tembo wa Kinyozi, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ufa upo," alisema.

"Ahsante! Hilo tu ndilo nililokuwa nataka. Nirudishie changu, chukua chako, tubaki marafiki."

"Upo. Kwa hiyo hii si sarafu yangu."

Kinyozi akaitazama tena sarafu yake.

"Niliyokutumia ilikuwa nzima," mjomba aliendelea, sauti ikipanda. "Umebaki nayo, ukanibebea mgonjwa wako. Umenibadilishia!"

"Mimi? Nibadilishe? Mzee, chunga ulimi wako!"

"Ulimi nauchunga. Wewe chunga mikono."

"Picha!" Kinyozi alimgeukia Mnong'ono. "Binti, si mnapiga picha? Kila sarafu ina makovu yake kama kichwa cha mtoto mtundu. Hebu ilete hapa tuone."

Mnong'ono aligeuza kompyuta, akaifungua picha, akaikuza. Chini ya mkia wa tembo palikuwa na kovu dogo, umbo la tone la maji. Akaitazama sarafu iliyorudishwa. Chini ya mkia: tone la maji.

Ilikuwa ile ile. Hakuna aliyebadilisha kitu. Ilitoka humu dukani ikiwa na ufa wake.

"Ni hii hii, mjomba," alisema.

"Nini? Sema kwa sauti!"

"Ni hii hii."

"Mnong'ono, nimekwambia mara ngapi? Mtu mzima, chuo umesoma, unaongea kama panya aliye ndani ya gunia! Sema kwa sauti!"

Machozi yalimlengalenga. Hakuna aliyejua kwamba mwaka mzima, kila akioga, alikuwa akifanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo. "Karibu dukani." "Chai tayari, mjomba." Alidhani ameanza kufaulu. Lakini kila alipotoka bafuni, mjomba alimwambia yale yale.

"Kasema ni hii hii!" Kinyozi alinguruma. "Mimi niliye upande wa pili wa meza nimemsikia, wewe uliye naye bega kwa bega umeziba nini?"

Mkaza mjomba aliacha kushona kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha cherehani ikaendelea, kwa kasi zaidi.

Mjomba alisogea kwenye kioo cha kompyuta. Akaliona kovu. Akalitazama kwenye sarafu. Hakuwa mjinga, na macho yake yalikuwa mazima.

"Haya," alisema taratibu. "Ni hii."

Kinyozi akashusha pumzi.

"Basi umeiangusha."

"Eti nini?"

"Umeiangusha sakafuni ikapasuka, sasa unataka nibebe mimi mzigo. Sarafu hii nimeigonga mwenyewe kabla ya kuiandikia maelezo. Ilikuwa nzima."

"Uliiangalia kwa lenzi?"

"Ufa hautafutwi kwa jicho, ndugu yangu. Jicho hudanganywa na uchafu, hudanganywa na taa. Ufa hutafutwa kwa sikio. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyofanya tangu wewe ukiwa na nywele." Akamnyooshea Kinyozi kidole. "Ilipotoka hapa ililia. Sasa sikiliza ulivyoifanya!"

Akanyakua sarafu kutoka kwenye kitambaa bila kuitazama, macho yake yakiwa kwa Kinyozi.

Mnong'ono aliona. Aliona mkono wa mjomba ukishuka juu ya tembo wawili na kumchukua yule wa kushoto. Yule wa kushoto alikuwa Mwalimu. Akafungua mdomo kusema, "Siyo hiyo." Sauti haikutoka.

Mjomba akaisimamisha kidoleni. Akaigonga.

Ililia! Ililia mlio mwembamba, safi, ukapanda mpaka kwenye dari, ukazunguka duka zima. Cherehani ilinyamaza. Mnong'ono aliusikia kwenye meno yake.

Mjomba alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyethibitisha jambo lake.

"Mmesikia wenyewe?" alisema, huku mlio bado unaelea hewani. "Bubu. Kama kugonga kipande cha sabuni."

Kinyozi aliinua macho kwenye dari, kama anayeutafuta mlio.

Wa kwanza kufumbua mdomo alikuwa mkaza mjomba. Alimtazama mumewe usoni, akasema kwa sauti kubwa, neno moja moja, "Bubu. Bubu kabisa, bwana."

"Bubu?" Kinyozi alishika shavu. "Mama, hiyo imelia mpaka jino langu bovu limeitikia!"

"Unasema imelia?" Mjomba alimkazia macho.

"Imelia!"

"Wewe? Wewe uliyekuja hapa kwa sababu hailii?"

Kinyozi akakuna kipara.

"Nyumbani... nyumbani haikulia."

"Nyumbani haikulia, hapa imelia. Ni sarafu hiyo au ni jogoo, inawika ikipenda?" Mjomba alicheka, kicheko kikavu. "Umejiumbua mwenyewe, bwana. Mwongo hana kumbukumbu."

Hapo, msomaji, Kinyozi wa watu, aliyeingia na haki yake mkononi, akaonekana tapeli mchana kweupe. Alijitazama vidole kana kwamba ndivyo vilivyomsaliti.

Mnong'ono alitazama mahameli. Sarafu iliyobaki pale ilikuwa na kovu chini ya mkia. Dukani mle, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba iliyogongwa si ya Kinyozi. Na kulikuwa na jambo la pili, zito kuliko hilo, ambalo lilikuwa likimpanda taratibu kama maji ndani ya viatu.

Mjomba hakusikia.

Hakusikia kengele ya mlango. Hakusikia Mwalimu. Sauti nene kama ya Kinyozi aliidaka, nyingine alizisoma midomoni. Redio aliyoitupa akisema betri zake mbovu, haikuwa mbovu. Simu aliyomwachia Mnong'ono akisema ameichoka, hakuichoka. Na yule bibi wa mwezi uliopita, aliyekuja na sarafu za marehemu mumewe ndani ya leso! Mjomba alizigonga moja moja akamwambia zote bandia. Bibi akazikusanya akilia, na zilipokuwa zikiangukiana ndani ya leso zililia vizuri kabisa. Mnong'ono alizisikia, akajiambia, mimi najua nini, mwenye sikio ni mjomba.

Mjomba alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta.

"Nakuandika kwenye ubao wa onyo," alisema.

Kinyozi aliruka. "Usifanye hivyo, mzee!"

Ubao wa onyo ulikuwa ukurasa wa mnada ambao kila mpenda sarafu huusoma kabla ya kuweka dau. Aliyeandikwa pale na muuzaji anayeaminika alikuwa amekwisha. Na hakukuwa na muuzaji aliyeaminika kuliko Sikio la Fedha.

"Mzee wangu, nisikilize. Mnada siujali. Tembo wako siwajali, baki nao, jengea bustani ya wanyama. Lakini nusu ya wanaonyoa kwangu ni wakusanyaji wa sarafu, mimi ndiye niliyewaambukiza. Wataisoma. Nani atakuja kuniachia shingo yake, na wembe ninao mimi, akishasikia kwamba mimi ni mwizi?"

"Ungelifikiria hilo kabla."

"Nina viti vitatu na vinyozi wawili wanaonitegemea. Nina mama mzazi."

"Kila mwizi ana mama mzazi."

Mjomba alianza kuandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Donoa. Tafuta. Donoa.

Mnong'ono alipiga hatua moja kuelekea kwake. Mkono ukamshika kwenye kiwiko, ukamvuta. Mkaza mjomba alimwingiza stoo, katikati ya maboksi ya kufungia vifurushi, akarudishia mlango.

"Usithubutu," alinong'ona.

"Mama, ile sarafu..."

"Najua imelia. Nina masikio."

"Si hiyo tu. Ile ni Mwalimu. Kachukua ya kwetu. Ya Kinyozi iko mezani, wala hajaigonga."

Mkaza mjomba alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepigwa na mlango. Akayafumbua.

"Haidhuru. Usithubutu."

"Tangu lini, Mama? Umejua tangu lini?"

"Tangu alipoacha kunigombeza kwa kukoroma." Akacheka kidogo. "Kwanza ndege. Akaniuliza mbona ndege wa asubuhi wamehama. Nikatazama nje, wamejaa tele kwenye waya. Nikamwambia, ndiyo, wamehama. Nilianzia hapo, mwanangu. Uongo ni kama uzi kwenye cherehani, ukishaushika, mguu unaendelea kukanyaga wenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Kila siku ananiambia nasema kama panya."

Mkaza mjomba hakumtazama. Alikuwa akiokota vipande vya uzi kwenye kanga... hapana, msomaji, uzi haukuwepo. Alikuwa akiokota hewa.

"Sauti yako haina kasoro," alisema hatimaye. "Ya kwako ndiyo iliyomkimbia mapema, kwa kuwa ni nyembamba. Halafu ikawa heri. Watu wakishangaa, anasema ni mpwa wangu huyu, anaongea chini mno. Kila mtu akaamini."

"Hata mimi."

"Hata wewe."

Mnong'ono aliegemea maboksi. Mwaka mzima mbele ya kioo cha bafuni! Alitaka kukasirika, hasira ikaja, ikakuta chumba kimejaa huruma, ikakosa pa kukaa.

"Mama, yule mtu hana kosa."

"Najua."

"Ataandikwa mwizi."

"Kinyozi ni kijana, ana mdomo, atajitetea. Mjomba wako ana nini zaidi ya sikio lile?" Alimshika mashavu yote mawili. "Mnunuzi haoni sarafu, anaona picha tu. Anachonunua ni neno la mtu huyu. Ukilivunja neno hilo mbele ya mgeni, umelivunja duka, umemvunja na yeye. Alikulea, Mnong'ono. Alikuwa akikuchana nywele kabla ya shule, vidole vyake vikubwa hivyo, unakumbuka? Nyamaza tu. Kunyamaza unakujua."

Kunyamaza anakujua. Neno hilo lilimchoma kuliko yote.

"Na yule bibi wa leso?" aliuliza.

Mkaza mjomba aliiondoa mikono.

"Na atakayekuja kesho? Mama, ugonjwa ukifichwa kifo huja kuutangaza. Ni nyie mlionifundisha msemo huo."

Kutoka dukani sauti ya Kinyozi ilisikika, si ya kunguruma tena. "Basi mzee, naondoka. Lakini Mungu anaona." Kisha sauti ya mjomba: "Nimemaliza. Kimebaki kitufe."

Mnong'ono alisukuma mlango.

Kinyozi alikuwa ameshashika kitasa, kipara chake kimeinama. Mjomba alikuwa mbele ya kompyuta, mgongo umewaelekea, kidole kikitafuta mahali pa kubonyeza.

"Mjomba, usitume," Mnong'ono alisema kutoka nyuma yake.

Hakugeuka.

"Mjomba!"

Hakugeuka. Alikuwa akisoma alichokiandika, midomo ikicheza. Mkaza mjomba alisimama mlangoni pa stoo, mikono kifuani, macho yakimsihi.

Mnong'ono alizunguka meza. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mjomba, kidole kikiwa juu ya kitufe. Mjomba akashtuka, akainua uso. Akaona midomo ya mpwa wake ikisema kitu.

"Nini tena? Sema kwa sauti!"

Akasema.

"Sarafu uliyoigonga ni Mwalimu! Siyo ya Kinyozi, ni ya kwetu! Na imelia, mjomba! Tumeisikia sote! Wewe peke yako ndiye hukuisikia!"

Sauti hiyo ilitoka wapi, hata mwenyewe hakujua. Mpita njia aligeuka kutazama dirishani. Kinyozi aliachia kitasa.

Mjomba aliondoa kidole kwenye kitufe. Aliinuka, akaenda mezani, akaitazama sarafu iliyobaki kwenye mahameli. Akaliona kovu chini ya mkia. Akaitazama iliyokuwa kiganjani mwake muda wote huo. Kisha akamgeukia mkewe.

"Wewe ulisema bubu."

"Nilisema ulichokisema wewe," alijibu mkaza mjomba, na mara hii hakupaza sauti. Alisogeza midomo tu, na mumewe alielewa.

Mjomba aliisimamisha Mwalimu kidoleni. Akaigonga. Mlio ukapanda, mwembamba, safi. Aliinamisha kichwa kama kila asubuhi, akangoja. Watu watatu walisikia mlio ukififia mpaka ukaisha. Yeye alikuwa bado anangoja.

"Kila siku naigonga," alisema. "Naikumbuka ilivyokuwa ikilia. Naipigia hesabu, nasema sasa iko juu, sasa inashuka, sasa imekwisha. Halafu nasema, haya, tuanze."

"Kwa nini hukutuambia?" Mnong'ono aliuliza, akakumbuka, akarudia kwa sauti. "Kwa nini hukutuambia, mjomba?"

"Nilikuwa nawaambia." Alimtazama, macho yamejaa maji. "Kila nilipokuambia sema kwa sauti, mwanangu. Ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Halikuwa na uhusiano wowote na sauti yako."

Alirudi kwenye kompyuta. Akayafuta maneno aliyoyaandika, herufi moja moja, kidole kile kile kikidonoa kinyumenyume. Jina la Kinyozi lilikuwa la mwisho kutoweka.

Kinyozi angeweza kuondoka hapo akishangilia. Hakushangilia. Alirudi mpaka mbele ya meza, akasimama mahali ambapo mzee angeweza kuiona midomo yake vizuri, akaongea taratibu kama anayeongea na mteja aliyefunikwa uso kwa taulo.

"Mzee wangu, la leo nimekusamehe. Jina langu umenirudishia, yatosha. Lakini kuna jambo lazima nikuulize, maana nisipouliza mimi wataniuliza mimi."

"Uliza."

"Nina tembo wengine kutoka kwako, wa mwaka huu huu. Jirani yangu anao. Wateja wangu wanao, nimewaleta mwenyewe kwa mkono wangu. Hakuna aliyenunua kwa ajili ya picha, binti anisamehe. Tulinunua kwa ajili ya maneno yale: inalia kama kengele." Akagusa tembo wake mezani. "Zile nazo, je?"

Mkaza mjomba alisogea hatua moja mbele, mdomo ukiwa tayari na uongo mwingine. Mumewe aliinua kiganja, akamzuia.

Kwenye kioo cha kompyuta, sarafu za mnada wa siku hiyo zilikuwa zimepangana safu kwa safu, na watu walikuwa wameshaanza kuweka dau. Chini ya kila moja, kwa mkono wa Mnong'ono, yalikuwepo maneno yale yale.

Mnong'ono alingoja amsikie mjomba akisema kwamba sikio lake halikosei kamwe. Mjomba alivua miwani, akaiweka juu ya mahameli, kati ya tembo wawili.

"Sijui," alisema, kwa sauti ambayo hata wa barabarani wangeisikia. "Sikuisikia hata moja."